Fundi wa Pawa Apewe Muda, na Klipu Mpya

KUTOKA MWAMBAO
Na Kahindi Mwaro

Mtu akipeleka pawa kuukuu, ule msumeno wa injini, kwa fundi hapa Malindi, swali la kwanza ni "itakuwa tayari saa ngapi?" La pili ni bei. Sijamsikia anayeuliza kama klipu za pini ya pistoni zitakuwa mpya. Ndiyo maana misumeno mingi inayorudi ikinguruma vizuri haimalizi shamba moja la mivinje.

Tuifungue kidogo. Ukishatoa mafla, kabureta na plagi, ukalegeza bolti za silinda na kuinyanyua, utaona pistoni imeshikwa na mkono wake kwa pini. Kila upande wa pini kuna kiringi cha waya wa springi kilichojibana ndani ya mfereji mwembamba. Kazi yake ni kuzuia pini isitembee pembeni ikakwaruza silinda. Kwenye msumeno mpya klipu hiyo haina maneno. Kwenye msumeno uliolala stoo masika mawili matatu, upepo wa chumvi ukiupiga, tena uliokuwa ukinyweshwa petroli na oili kwa kukadiria kwa macho, mfereji umejaa masizi yaliyoganda na klipu imeshika kutu. Hapo wengi hushika bisibisi na nyundo.

Fundi mmoja wa Ganda hafanyi hivyo. Huziba kwanza mdomo wa krenki kwa kitambaa safi, maana klipu ikidumbukia humo ni kupasua injini nzima. Hutia mafuta ya kulegeza kutu, kisha huenda kushughulika na kazi nyingine. Akirudi, hukwangua masizi mferejini kwa kijiti, polepole, mpaka akione kibonyo kidogo kilichoachwa kiwandani ukingoni mwa tundu la pini. Ncha ya chombo huingia hapo, na kidole gumba cha mkono wa pili kinaifunika klipu isiruke. Miwani iko machoni. Hutoa klipu ya upande mmoja tu kwanza, kwa sababu pini husukumiwa upande huo. Pini nayo ikigoma haigongi: huipasha pistoni moto kidogo, kwa kuwa aluminiamu hutanuka kuliko chuma, nayo pini huteleza. Akiigonga, mkono wa pistoni unaweza kupinda.

Kazi hiyo haina kelele, na ndiyo balaa lake. Mteja aliyekaa kwenye benchi huona fundi anachezea kijiti. Anaanza kuhema, anataja lori linalosubiri Msabaha, anakumbusha kwamba jirani alitengenezewa kwa nusu ya bei.

Jirani huyo alirudishiwa klipu ileile ya zamani. Klipu iliyokunjwa na kuvutwa imepungukiwa na nguvu ya kujibana. Ikichomoka injini ikiwa kwenye mwendo, pini huifuata na silinda huchanika mikwaruzo. Silinda yenye ukuta uliopakwa kromu haichongwi upya kama ya gari, hununuliwa nyingine. Hata klipu mpya ina adabu yake: mwanya wake uelekee juu au chini, kufuata mwendo wa pistoni. Ukikaa pembeni, ule mtikiso wa kupanda na kushuka unaweza kuibana ikatoka.

Najua wapo watakaosema misumeno hii ife tu, miti ipone. Tangu serikali iliposimamisha kwa muda ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, kila mwenye pawa hutazamwa kama mwizi wa mbambakofi wa Arabuko-Sokoke. Msitu ule ulindwe, sina ubishi. Lakini mkulima wa Gede aliyepanda mivinje yake auze boriti hana kosa, wala mwenye mnazi uliozeeka ukiinamia paa la nyumba. Na mnazi, kwa jinsi sehemu ya nje ya shina lake ilivyo ngumu, huichosha pawa isiyo na nguvu mpaka mkataji naye akawa hatarini.

Kwa hiyo lawama za kuharibika kwa pawa nazigawa hivi: fundi anayegonga ana yake, ila sehemu kubwa ni ya mteja anayelipia haraka. Kaunti nayo isijifiche. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na humo ndimo kazi hii ifundishwe. Injini ndogo za pawa, pampu za maji na bodaboda ndizo riziki ya vijana wetu, na plaizi za klipu, za kufungua na za kubana, si vifaa vya kumshinda mweka hazina.

Nawe msomaji mwenye pawa, ukienda kwa fundi wiki hii, nunua klipu mbili mpya za saizi ya pini yako uende nazo. Mwambie zile za zamani akupe mkononi. Kisha mwachie msumeno wako, uende nyumbani.