Picha ya Ubongo na Koko Anayesahau

Labda nyumbani kwako hapa Nyangezi yuko koko anayeuliza neno moja mara tano asubuhi moja. Juzi alipotea njia ya soko, njia aliyoipita tangu utoto. Watoto wanacheka. Mwana mmoja aliye Bukavu anatuma neno: "Tuuze ng'ombe, apigwe picha ya ubongo."

Nakuambia wazi, usimwuze bado.

Skana hupiga picha kwa miali ileile inayotumika kwa mifupa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa hivyo London mwaka wa 1971. IRM hutumia sumaku yenye nguvu, nayo huonyesha ubongo vizuri zaidi. Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu ndogo ya ubongo inayoshika mambo mapya, iitwayo hipokampusi, husinyaa polepole, na picha yaweza kuonyesha hivyo. Lakini ubongo wa kila mzee husinyaa kidogo, na ugonjwa ukiwa mchanga picha yaweza kuonekana safi kabisa. Huko Kinshasa, Bwana Jean Ikanga na wenzake wamewachunguza wazee kwa IRM, na pia kwa damu, na kwa maswali ya kumbukumbu yaliyotungwa kwa ajili ya Waafrika. Wenye mashine hawakuitegemea picha peke yake, sisi tutaitegemeaje?

Dawa ya kuponya Alzheimer haijapatikana. Basi kazi ya kwanza ni kutafuta kisa kingine kinachotibika. Mlete mzee kwa muuguzi, apimwe presha, sukari na damu. Masikio yake yatazamwe, maana asiyesikia hudhaniwa kuwa amesahau. Leta dawa zote anazomeza, hata zile zilizonunuliwa barabarani (hizo hasa!), kwa maana nyingine huvuruga akili. Na anayemleta awe yule anayelala naye nyumba moja. Yeye ndiye ajuaye usahaulifu ulianza lini, na neno lake latufaa kuliko picha nyingi.

Liko jambo moja linalogeuza shauri langu. Mzee akianguka na kujigonga kichwa, hata kidogo, kisha baada ya majuma machache akaanza kuchanganyikiwa, kuumwa kichwa au kusinzia ovyo, pengine damu imekusanyika juu ya ubongo. Damu hiyo yaweza kutolewa, na akili zikamrudia. Hapo skana ni lazima, na upesi. Hapo uza ng'ombe.

Tena wako wanaotaka picha ili wajue kama koko ni mchawi. Mwezi wa Septemba 2021, katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, akina mama kadhaa waliuawa na makundi ya watu kwa kusingiziwa uchawi. Hakuna mashine ya kuonyesha uchawi. Mama mzee anayetembea usiku asijue aendako, na kusema peke yake, ni mgonjwa. Ukisikia majirani wameanza kunong'ona juu yake, usingoje siku ya kliniki. Mlete siku hiyohiyo.