Turubai Jepesi kwa Watu wa Njia za Msitu

Maadamu mtu atokaye Kindu kuelekea magharibi, upande wa mto Lomami, au avukaye Lualaba hadi Alunguli na kushika njia za mashariki, hana budi mahali fulani kuiacha pikipiki na kuendelea kwa miguu yake mwenyewe, na maadamu mvua ya nchi hii haina desturi ya kumngojea msafiri afike kijijini, basi habari ya paa la kubebwa mgongoni yastahili kuzungumzwa gazetini kwa makini yale yale tunayoyatumia kuzungumza bei ya chumvi na uchache wa treni. Rai yangu naitoa mapema, ili msomaji asiyeikubali apate nafasi ya kunipinga njia nzima: turubai jepesi, la kitambaa chembamba kisichopenya maji, ndilo paa liwafaalo zaidi watu wanaotembea kwa kazi katika Maniema, hema si lazima, na ule mfuko wa kulalia usiopenya maji, unaosifiwa sana na wapanda milima wa Ulaya, tuwaachie wenyewe pamoja na baridi yao.

Huko Marekani jambo hili limekwisha kuwa elimu yenye walimu na vitabu. Mwaka 1955 bibi mmoja wa jimbo la Ohio, Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67 na wajukuu, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia, mwendo upatao kilomita 3,300, akiwa amebeba begani mfuko alioushona kwa mkono wake, na humo hamkuwa na hema, ila pazia la plastiki la bafuni la kumsitiri na mvua. Miaka ya 1990 Ray Jardine, Mmarekani pia, aliandika vitabu vya kuwashawishi watembeaji wa nchi yake waache mahema mazito na washone wenyewe maturubai yao, kwa hoja kwamba kila kilo iondokayo mgongoni hurudi miguuni kwa sura ya mwendo. Siku hizi vitambaa vya namna hiyo huuzwa huko kwa mamia ya dola, na wanaovinunua ni watu wa likizo, wenye kutembea kwa hiari na kurejea nyumbani wakitaka.

Sisi tuliijua hoja ya uzito kabla yao wote, ila tuliijua kwa mateso. Tarehe 5 Novemba 1876 mpelelezi wa Kizungu, Stanley, aliondoka Nyangwe, hapo juu ya mto wetu, akifuatana na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, na msafara wao ukaingia katika msitu ambao jua halikufika chini na umande ulidondoka mchana kutwa kama mvua ya pili. Mzigo wa mpagazi wa zama zile ulikuwa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Lakini Stanley alikuwa pia na mashua yake, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili ibebwe na watu, na wabeba vipande hivyo ndio walioteseka kuliko wote, wakisukumana na magogo na mizizi katika njia iliyotosha mtu mmoja, na kuachwa nyuma na wenzao. Insafu yanilazimu kusema kwamba mashua ile ilihitajika walipoufikia mto tena. Walakini mahema ya wakubwa, viti vyao na masanduku yao vilibebwa juu ya vichwa vivyo hivyo, na mpagazi mwenyewe, jua likichwa, alikata matawi na majani akajijengea kibanda cha usiku mmoja. Mwenye hema alikuwa mwenye amri, na asiye nalo alikuwa mwenye mzigo.

Fikira hiyo tumeirithi, na mimi naiona kuwa kizuizi kikubwa kuliko bei. Ikaongezewa nguvu na misiba yetu ya karibu, kwa kuwa tangu wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka mwaka 1994, na katika vita vilivyofuata, plastiki yenye chapa ya shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi imekuwa katika mashariki ya Kongo alama ya mtu aliyepoteza nyumba. Ukimwambia muuguzi au mkaguzi wa shule kwamba safari hii atalala chini ya turubai, huona amefedheheshwa, ilhali ukimpa hema lililochakaa, lenye zipu iliyokufa na kijiti kilichovunjika, hulipokea kwa taadhima, akamtafuta kijana wa kumbebea. Ajabu ni kwamba yule yule akirudi mjini atamwona msukuma baiskeli, mwenye madumu ya mawese na magunia ya mchele, ambaye plastiki yake mchana hufunika bidhaa na usiku humfunika yeye, na wala hatatambua kwamba mwenzake huyo ndiye aliyeyafahamu mambo.

Hata hivyo plastiki ile ya wakimbizi sisemi ndiyo itakiwayo. Ina mita 4 kwa 5, uzito wake wapata kilo 4, nayo ilitengenezwa ikae juu ya nguzo miezi mingi, ikiwa paa la familia nzima. Kwa kazi hiyo ni nzuri, lakini kwa mtu mmoja aendaye mbio ni mzigo bure. Nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni, yenye mita 3 kwa 3, haizidi sana gramu 400, hukunjwa ikaingia katika kopo la maziwa ya unga, na haifyonzi maji kama turubai la pamba ambalo asubuhi huwa zito maradufu.

Ufundi wake ni sahali, lakini wataka akili. Kamba moja hufungwa baina ya miti miwili, kitambaa hutupwa juu yake, na pembe nne huvutwa kwa vigingi. Kwa kuwa dhoruba za bonde la Kongo aghalabu husafiri kutoka mashariki kwenda magharibi, na upepo hutangulia maji, ukingo wa mashariki ushushwe karibu na ardhi, na ule wa pili uinuliwe ili mtu apate kupika na kupumua. Juu ya kamba, pande zote mbili, pafungwe kipande cha uzi au kitambaa, ili maji yatiririkayo kutoka mtini yaangukie hapo yasiingie ndani. Kabla ya hayo yote mtu ainue macho: mti mkavu ulio juu ya kambi ni adui mbaya kuliko chui, kwani upepo wa mvua ndio uuangushao, na hakuna hema wala turubai liwezalo kuuzuia.

Watakaosema kwamba turubai halina sakafu wala kuta, na kwamba siafu na mbu hawaogopi paa, wamesema kweli. Jibu lao ni chandarua, ambacho huning'inizwa juu ya kamba ile ile, na machela ya nguo iliyofungwa baina ya miti ile ile, ambayo humwinua mtu juu ya siafu na juu ya maji ya chini. Hivyo vyote pamoja bado ni vyepesi kuliko hema la kilo tatu, na vina hewa. Hewa ndiyo inayoukosesha sifa ule mfuko wa kulalia. Kitambaa chake, cha jamii ya Gore-Tex iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970, huzuia maji yasiingie na kuuruhusu mvuke wa mwili utoke, lakini mvuke hutoka vyema pale tu ambapo nje ni pakavu au pa baridi kuliko ndani. Nao usiku wa Kindu, wakati wa mvua, una joto na umejaa unyevu, kwa hiyo alalaye humo ataamka ameloa kwa jasho lake. Juu ya vilele vya Ruwenzori, kwenye barafu, nisingemkataza mtu. Huku chini ni ujinga wa gharama.

Nani basi wa kupewa turubai? Mwaka 2016 Mbuga ya Taifa ya Lomami iliundwa katika Maniema na Tshopo, nchi ya bonobo na okapi, na eneo lake ni karibu kilomita za mraba 8,900. Walinzi wa mbuga hiyo hushika doria kwa miguu, na kila kilo ya hema ni kilo ya chakula iliyobaki nyuma. Kuna wachanjaji waendao vijiji visivyofikiwa na pikipiki. Na kuna wasukuma baiskeli, ambao hakuna ofisi iwafikiriayo.

Mzee mmoja ataniambia kwamba katika desturi yetu msafiri hulala kwa mwenyeji, humsalimu kapita, yaani mkuu wa kijiji, akaonyeshwa baraza, na kwamba mwenye paa lake mwenyewe ataanza kupita vijiji bila salamu. Hofu hiyo naiheshimu. Turubai ni la mahali pasipo kijiji. Palipo na kijiji, mtu aende kwa kapita kwanza, na akiambiwa lala hapa, alale hapo.

Kushona kwenyewe hakuhitaji kiwanda. Vitambaa hivyo aghalabu huwa na upana wa mita moja na nusu, basi vipande viwili vya mita 3 vikiunganishwa kwa mshono wa kukunja, na mshono ukapakwa silikoni, turubai limepatikana, na fundi yeyote wa cherehani ya miguu katika Kindu aweza kulimaliza kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa afya, wa elimu na wa mbuga, pamoja na mashirika yawasaidiayo, kwamba mwaka ujao, kabla ya kuagiza mahema kutoka nje, waagize majora machache ya nailoni na kuwapa mafundi wa Kindu kazi hiyo, na turubai la kwanza litakaloshonwa wampe mlinzi aendaye Lomami mwezi wa Novemba, mvua inapozidi, kisha wamwulize yeye akirudi.