Papa ataka madeni yasamehewe: Kanisa linasemaje kuhusu riba?

Mwaka wa Jubilei wa Wakatoliki, uliofunguliwa Roma tarehe 24 Desemba 2024, ulikuja na ombi lililotugusa na sisi. Papa Francis, katika waraka wa kuutangaza mwaka huo, alizitaka nchi tajiri zisamehe madeni ya nchi zisizoweza kuyalipa. Mwenye kusoma Suratul-Baqara, aya ya 280, haoni ugeni katika wito huo: mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na kumsamehe ni kheri zaidi.

Basi swali linakuja lenyewe. Ikiwa Kanisa linaona jinsi deni linavyommaliza mnyonge, mbona halisemi riba ni haramu?

Lilikuwa likisema, tena kwa ukali. Mwaka 1179 mtaguso wa maaskofu uliofanyika Laterani, Roma, uliamua kwamba mla riba anayejulikana asipewe komunyo, na akifa katika hali hiyo asizikwe mazishi ya Kikristo. Mtaguso wa Vienne, Ufaransa, mwaka 1311 hadi 1312, ukaongeza kuwa anayeshikilia kwamba riba si dhambi aadhibiwe kama mzushi wa dini. Hata mwaka 1745 Papa Benedict XIV aliwaandikia maaskofu wa Italia kuwa ziada juu ya mkopo ni dhambi, iwe ndogo au kubwa, awe mkopaji tajiri au maskini.

Lakini katika waraka huohuo aliacha mlango. Alikubali kuwa zinaweza kuwepo sababu nyingine, nje ya mkopo wenyewe, zinazompa mkopeshaji haki ya kudai zaidi, kwa mfano hasara aliyoipata kwa kukosa fedha zake. Biashara ikakua, benki zikaenea, na sababu hizo zikawa hazikosekani. Kuanzia mwaka 1830 Roma iliwajibu mapadri kwamba wasiwasumbue katika maungamo wanaochukua riba iliyoruhusiwa na serikali. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ikaruhusu faida ya kisheria juu ya mkopo, mradi isipindukie.

Wanatheolojia wao hawakubali kuwa mafundisho yamebadilika. Wanasema kilichobadilika ni fedha: zamani ilikuwa kitu cha kutumia tu, leo ni mtaji wa kuzalisha. Hoja hiyo si ya kupuuza, ila matokeo yake ni kuwa neno lenyewe limesinyaa. Riba iliyokuwa ziada yoyote, sasa ni ile ya kupindukia tu.

Na hapa tusiwacheke. Maneno hayohayo tunayasikia barazani kwetu: "Aya ya 130 ya Aal-Imran imekataza riba maradufu, hii asilimia kidogo ina ubaya gani?" Misri, mwaka 1989, Mufti wa wakati huo, Sheikh Tantawi, alihalalisha hati za uwekezaji zenye faida maalumu, na wanazuoni wengi wakampinga. Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, ilikwisha kuamua kuwa ziada yoyote iliyosharutishwa juu ya deni ni riba. Tegemeo ni aya ya 279 ya al-Baqara: mkopeshaji ana haki ya rasilimali yake, basi.

Linalowahusu zaidi akina mama wa vikoba ni "ada". Ajabu ni kwamba hapa pande zote mbili zilifika karibu. Mtaguso wa Laterani wa mwaka 1515 uliruhusu nyumba za kukopesha maskini zitoze kiasi cha kulipia gharama zao, bila faida. Jumuiya ya Fiqhi nayo, Amman mwaka 1986, iliruhusu ada ya huduma ya mkopo kwa sharti isizidi gharama halisi.

Kwa hiyo tunapoulizwa juu ya kikoba kinachokata asilimia kumi kwa kila mkopo na kuiita ada, tunauliza kwanza: daftari, karatasi na nauli ya mweka hazina vimegharimu shilingi ngapi? Kinachobaki baada ya hapo kinagawiwa wanachama mwisho wa mwaka. Hicho si ada, ni riba, na kirudishwe kwa waliokatwa.

Wallahu aalam.