Mwombe Mwanao Akuazime Riwaya Yake

Kama nyumbani kwako kuna mwanafunzi wa sekondari, huenda kuna riwaya ndani ya begi lake, imebanwa na madaftari, jalada limevalishwa gazeti. Pembeni mwa kurasa kuna maandishi ya penseli: “dhamira – umaskini”, “tashbiha”, “swali la mtihani!!” Iazime uisome hadi mwisho, wala usione haya.

Haya hiyo naijua. Mtu mzima akifungua riwaya ya vijana kwenye daladala, jirani humtania kwamba amerudi shule. Angeshika kitabu cha siri za utajiri, asingeulizwa kitu. Ajabu yetu hiyo!

Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea anafiwa na mama huko Tanga, kisha anashika njia kwenda Kenya kumsaka baba asiyemjua. Ukiisoma ukiwa kidato cha tatu, unatembea naye bega kwa bega na kuwaza atakula nini leo. Isome sasa, nawe una watoto wako, na utajikuta unamdai yule baba: alikuwa wapi miaka yote hiyo? Takadini ya Ben Hanson ni hivyo hivyo. Kijana humfuata mtoto mwenye ualbino anayekataliwa na jamii. Wewe uliyekesha na mtoto mgonjwa utakwenda na Sekai, mama anayetoroka na kichanga mgongoni ili kisiuawe. Na Watoto wa Mama N’tilie ya Emmanuel Mbogo? Aliyewahi kuomba asubiriwe hadi mwisho wa mwezi ili alipe ada haisomi kama mtahiniwa.

Wengi wetu tulizipitia kwa mwongozo tu. Tuliijua “falsafa ya mwandishi” kabla ya kujua nani alikufa, tukamaliza kidato cha nne bila kufika ukurasa wa mwisho. Kwa kweli vitabu hivi tunavidai, navyo vinatudai.

Kuna jambo jingine. Riwaya hizi zinategemea mno soko la shule, na kitabu kikitoka kwenye orodha ya mtihani huanza kuadimika madukani. Mtu mzima anayenunua nakala kwa raha yake tu anampa muuza vitabu sababu ya kuagiza nyingine.

Basi Jumamosi hii mwombe mwanao, au mpwa wako, akuazime. Ukimaliza, usimtahini. Mwambie nani amekuudhi humo ndani, nawe umsikilize anavyomtetea. Kama huna mwanafunzi nyumbani, pita kwa wauza vitabu vya mtumba au maktaba ya mkoa wako. Na kama kabatini kwako kuna nakala yenye mhuri wa shule uliyomaliza zamani, irudishe. Hakuna atakayekutoza faini.