Mzee Aliyesahau si Mchawi, na Kumlea si Bure

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kuna jambo lililomo majumbani mwetu lakini halisemwi. Mzee akili ikimtoka kwa uzee, ni nani anayelipa gharama ya kumtunza?

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana hapo ndipo balaa huanzia. Madaktari huuita demensia. Aina yake inayojulikana zaidi ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka wa 1906. Seli za ubongo hufa kidogo kidogo. Mgonjwa husahau ya jana akakumbuka ya utotoni, huuliza swali moja mara ishirini, hupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote, na usiku hukesha akitembea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanao ugonjwa huu, na wengi wao hawako Ulaya, wako katika nchi kama yetu. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Sasa, mtu mwenye dalili hizo huku kwetu Kilifi huitwaje? Nyote mwajua. Akionekana uani kwa jirani saa tisa za usiku hana nguo, ataambiwa anawanga. Nywele nyeupe na macho mekundu, macho yaliyoliwa na moshi wa kuni miaka sitini, hutosha kuwa ushahidi. Wazee wamekatwa mapanga katika kaunti hii kwa shutuma hizo, na mara nyingi ukichunguza utakuta nyuma ya huo uchawi kuna shamba ambalo vijana wanataka kuliuza. Sisemi kwamba kila mzee anayeshutumiwa ana demensia, la hasha. Nasema huyu mwenye demensia hawezi hata kujitetea, kwa sababu ukimwuliza jana usiku alikuwa wapi, hakumbuki.

Kule Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma ambacho huwapokea wazee waliokimbia makwao kwa kuitwa wachawi. Hicho ndicho makao ya wazee tunayoyajua sisi. Mzee haendi pale kwa kuwa mtoto wake amepata kazi mbali, huenda ili asiuawe. Na chakula chao hutegemea wahisani. (Kila mwaka mwezi wa Agosti twacheza ngoma Malindi kumkumbuka Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane aliyekuwa mtu mzima sana alipowaapisha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka wa 1913. Mimi hujiuliza, angekuwa hai leo na nywele zake zile, angelala wapi?)

Turudi kwa gharama. Watu husema, “Aa, sisi Waafrika hulea wazee wetu nyumbani, haitugharimu kitu.” Wacha niwaambie ninayoyaona kwetu, ng'ambo ya mto Sabaki. Nyanya yangu, ambaye sisi twamwita hawe, sasa ni mwaka wa tatu hanijui jina. Hunita kwa jina la kaka yake aliyekufa kabla sijazaliwa, nami huitika. Pakiti ya nepi za watu wazima, nepi kumi, tulinunua mjini kwa shilingi 900. Sabuni ni kila siku. Mlango ulitiwa komeo jipya baada ya yeye kupatikana alfajiri kwa watu, na baada ya maneno niliyokwisha kuyataja hapo juu kuanza kusemwa kisimani. Mama alikuwa akiuza mahamri na mbaazi kila asubuhi, sasa huuza siku tatu tu kwa wiki. Na binamu yangu wa kike, aliyekuwa akinishinda hesabu, ameacha shule akiwa Kidato cha Pili ili amlinde hawe mchana. Hakuna aliyenitajia mimi niache, kwa kuwa mimi ni mvulana. Je, hiyo ndiyo bure?

Serikali, kupitia mpango wa Inua Jamii, huwapa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Ahsante, twashukuru, lakini gawanya kwa siku 30 uone: haifiki hata shilingi 70. Na mara nyingi huchelewa. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 57, yasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Imetaja wawili. Mbona mzigo umebebwa na mmoja?

Kinachonikera zaidi ni hiki. Malindi na Watamu wamejaa Waitaliano wazee waliokuja kumalizia maisha yao hapa kwa pensheni zao. Wakidhoofika huajiri mama zetu na dada zetu wawaoshe, wawalishe, wawatembeze ufuoni. Hiyo ni kazi, ina mshahara na siku ya mapumziko. Mama huyo huyo akirudi jioni akamwosha mamake mzazi, ati hiyo si kazi, ni mapenzi. Mapenzi yapo, sikatai, lakini mgongo unauma vile vile.

Wako watakaosema kupeleka mzee makaoni ni uzungu na kutafuta laana. Mimi nimechunguza wanaosema hivyo kijijini kwetu. Wengi ni wanaume, na sijamwona hata mmoja akifua shuka. Hata hivyo sitetei makao makubwa kama ya Uingereza. Huko kumlaza mzee mwenye demensia huweza kupita pauni 1,000 kwa wiki, na mwenye akiba ya zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, hata nyumba ikauzwa. Wajapani walifikiri vizuri zaidi: tangu mwaka wa 2000 kila mtu aliyefika miaka 40 huchangia bima ya kutunza wazee, akizeeka mzigo hauwaangukii watoto peke yao.

Sisi tunaweza kuanza na kidogo. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wapatao 100,000 waliotumwa vijijini kote nchini mwaka wa 2023, wafundishwe kuitambua demensia na kuwaeleza majirani kabla panga halijanolewa. Kisha kila wadi iwe na mahali pa wazee kushinda mchana. Hapahitaji ghorofa. Chumba kimoja cha chekechea kisichotumika, wanawake wawili wanaolipwa na kaunti, sufuria ya uji, na ua wenye lango linalofungwa. Mzee aletwe asubuhi, achukuliwe saa kumi. Shule aliyoiacha binamu yangu hufunga saa kumi kasorobo.