Kwa Maradhi, Tajiri Yuko Wapi?



Kila mwisho wa mwezi, katika mahoteli, maduka na maofisi ya mji huu, kuanzia River Road mpaka Westlands, maneno ni yale yale: makato yamezidi. Wengine husema afadhali Uganda, wengine afadhali Tanzania, wengine Ulaya. Basi na tuyapime mambo haya kwa hesabu, kwa maana manung'uniko bila hesabu hayamtishi tajiri yeyote.

Chukua mfanyakazi wa mshahara wa Sh. 30,000 kwa mwezi. Mfuko wa uzeeni, NSSF, humkata Sh. 1,800, na tajiri wake hutia 1,800 nyingine. Makato ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani Sh. 450, na tajiri hutia 450. Kisha yaja makato ya afya ya SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, yaani Sh. 825. Hapo tajiri hutia nini? Hatii hata senti moja.

Hatusemi kwamba mpango huu wote ni mbaya. Wakati wa NHIF mtu wa Sh. 20,000 alikatwa 750, na sasa hukatwa 550. Mtu wa Sh. 100,000 alikatwa 1,700, na sasa hukatwa 2,750. Mwenye kingi kutoa kingi ni haki. Lakini tajiri, anayepata faida kwa nguvu za mikono yetu, ameachwa nje.

Je, wenzetu? Tanzania ilipounda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sheria ya mwaka 1999, mtumishi wa serikali alitoa asilimia 3 na mwajiri wake asilimia 3. Ujerumani ina bima ya wagonjwa tangu 1883, na tangu mwanzo matajiri walitiwa ndani. Leo mchango wa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu. Uingereza tangu Julai 1948 hutibu watu kwa fedha za kodi, na mgonjwa haulizwi pesa mlangoni.

Wanaosifu Uganda husema huko hakuna makato ya afya, na ada katika hospitali za serikali ziliondolewa mwaka 2001. Ni kweli. Lakini dawa zikikosekana, mgonjwa hununua dukani kwa pesa zake. Tena kodi ya bidhaa huko ni asilimia 18, na kwetu 16. Lisiloonekana katika karatasi ya mshahara huonekana dukani. Kwa hiyo swali si nchi gani hukata kidogo. Swali ni nani anasaidia kubeba mzigo.

Matajiri wengine watasema tayari wamewanunulia watu wao bima ya kampuni. Vyema. Lakini bima hiyo hufa siku mtu anapoachishwa kazi, na kibarua, mfagiaji na askari wa usiku mara nyingi hawaioni kabisa. Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 34, humtaka mwajiri ahakikishe wafanyakazi wake wanapata dawa wakiugua. Ikiwa maradhi ya mfanyakazi ni jambo la tajiri katika sheria hiyo, kwa nini si jambo lake katika bima? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu wetu wameutazama kwa mbali vya kutosha.

Twataka sheria ya bima ya afya ya mwaka 2023 irekebishwe, tajiri atie sawa na mfanyakazi, na fedha hizo zilipe hospitali kwa wakati ili dawa zipatikane. Kabla ya hapo, dai hili liingie katika kila mkataba unaojadiliwa. Ndugu, njooni katika mkutano wa tawi na karatasi zenu za mshahara. Tutazisoma pamoja, mstari kwa mstari, kisha tutajua la kumwambia tajiri.