Nani alimuuza Mané?

Wiki iliyopita, tukingoja mhadhiri, wenzangu wawili walibishana juu ya sentensi moja: "Metz walimuuza Mané." Mmoja, aliyesoma sekondari Kigoma, alielewa kwamba Metz walipokea pesa. Mwingine, mzaliwa wa Katuba, alielewa kwamba Metz walitoa pesa. Kila mmoja alikuwa sahihi katika Kiswahili chake. Kwa Kiswahili sanifu, anayeuza hutoa kitu na kupokea bei. Kwa Kiswahili cha Lubumbashi, anayekwenda kuuza mkate anakwenda kuununua, na mwenye duka ndiye anayeuzisha, yaani anamfanya mwingine anunue. Kiambishi -ish- kinafanya kazi yake kikamilifu.

Tulicheka, lakini jambo moja lilinibaki kichwani. Uwe wa Kigoma au wa Katuba, Mané katika sentensi ile hafanyi kitu. Ni -m- tu, yambwa lililobanwa kati ya njeo na mzizi. Na tunapobadilisha sentensi tunaongeza kauli ya kutendwa: aligunduliwa, alichukuliwa, aliuzwa. Hivyo ndivyo tunavyosimulia mwanzo wa kazi ya karibu kila kijana wa Afrika Magharibi anayecheza soka Ulaya. Maoni yangu ni kwamba sarufi hiyo inapotosha.

Tuchukue mambo yanayojulikana. Sadio Mané alizaliwa mwaka 1992 katika kijiji cha Bambali, kusini mwa Senegal. Familia yake haikutaka soka liwe kazi yake. Kama alivyosimulia mwenyewe, alitoroka nyumbani akaenda Dakar, akatafutwa na kurudishwa, kisha akakubaliana na familia kwamba angemaliza mwaka wa shule ndipo aende tena. Alifika kwenye majaribio na viatu vilivyochanika, akaulizwa kama kweli angecheza navyo, akacheza. Akaingia Génération Foot, kituo cha vijana kilichokuwa na ushirikiano na FC Metz. Alitoroka, alikubaliana, alifika, alicheza: vitenzi hivyo vyote mtenda wake ni yeye.

Huko Ufaransa hakupokewa na ushindi. Alianza kuichezea Metz mapema mwaka 2012, na mwisho wa msimu huo timu ikashuka hadi daraja la tatu. Agosti mwaka huohuo alihamia Red Bull Salzburg ya Austria, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa euro milioni 4. Mwaka 2014 alitwaa ubingwa na kombe la nchi hiyo. Agosti mwaka huo alitaka kuondoka, klabu ikasita, naye hakucheza mechi ya marudiano kule Malmö, ambako Salzburg walifungwa 3-0 na kutolewa kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Siku chache baadaye alikuwa mchezaji wa Southampton. Unaweza kumlaumu kwa kuwaacha wenzake wakati ule. Lakini humlaumu mtu ambaye ni yambwa tu. Lawama nayo inahitaji mtenda.

Najua jibu ambalo baadhi ya wahadhiri wetu watalitoa: "kuuzwa" ni neno la kweli, linatukumbusha kwamba hii ni biashara, na anayelificha anaipamba. Nakubali nusu. Pesa zipo, na ni nyingi. Lakini kinachouzwa ni haki ya mkataba, si mtu, na wanaouziana ni klabu mbili. Tena kauli ya kutendwa haitobolei siri ya biashara hiyo, inaifunika. Nikisema "aliuzwa", ninaweza kuishia hapo bila kumtaja aliyeuza, aliyenunua wala aliyegawiwa. Kumbe kanuni za FIFA zinawataja. Mchezaji akihama kati ya nchi na nchi kabla mkataba wake haujaisha, hadi asilimia 5 ya malipo hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kanuni hizohizo hukataza uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoorodheshwa. Kituo kidogo kinachojua nani alilipa na nani alipokea kinaweza kudai haki yake. Kinachojua tu kwamba kijana "aliuzwa" kitadai kwa nani?

Kwa hiyo ninapendekeza jambo dogo kwa sisi tunaoandika, tunaotafsiri habari na tutakaofundisha. Tuseme: Salzburg waliwalipa Metz, na Mané akahamia Austria. Sentensi hiyo ina watenda wawili, kila mmoja na tendo lake. Inaeleweka Kigoma, inaeleweka Katuba, na pesa zinaonekana zilikotoka na zilikokwenda.

Viwanja vya vumbi vya mji wetu vimejaa watoto wanaosikia hadithi hizi kila jioni. Anayesikia kila siku "aligunduliwa, alichukuliwa, aliuzwa" anajifunza kukaa akimngoja mnunuzi, na wa kwanza kujitokeza anaweza kuwa tapeli mwenye pasipoti mfukoni. Anayesikia kwamba Mané alikubaliana na familia yake amalize kwanza mwaka wa shule, anajifunza kwamba hata mtoto ana neno la kusema juu ya safari yake.